Siku Mashine ya Nguba Ilipofikiri

Maman Aurore, jirani yetu wa Cimpunda, anasema walikuwa wanaume saba. Anasema walitoka ziwani na bunduki, wamevaa makoti marefu, na kati yao kulikuwa na mwanamke mmoja mwenye dawa aliyeua kompyuta ya tonton Modeste kwa kuitazama tu. Akifika hapo anapiga makofi mara moja. "Pa! Machine ikakufa."

Maman Aurore hakuwa Nguba, kwenye ghala la Modeste, siku ile. Alikuwa soko ya Kadutu, akiuza sombe, majani ya muhogo.

Walikuwa wanne. Bunduki haikuwapo hata moja. Mwanamke alikuwapo, hilo ni kweli, lakini mikononi alikuwa na sinia ya karanga. Na mashine haikufa. Ingekufa, wangekamatwa palepale getini.

Ijumaa, saa tatu asubuhi

Chumba cha nyuma cha Maman Madeleine, chini ya soko ya Kadutu, Bukavu. Mbele watu wanakunywa kasiksi, pombe ya ndizi. Nyuma kuna mitungi, benchi moja, na harufu ya ndizi zilizochacha. Mlango umefungwa kwa kamba.

Floribert hakukaa. Floribert hakaagi. Zamani alikuwa na malori mawili kwenye barabara ya Shabunda. Vita ikafunga barabara, ikachoma malori, ikachoma na sikio lake la kushoto. Tangu siku hiyo anafungua depo za watu, maghala yao, bila ufunguo. Amefungua tano. Hajalala cachot, jela ya askari, hata siku moja.

"Depo ya Modeste," alisema. "Nguba. Leo."

"Leo?" Ignace aliuliza. Ignace ndiye dereva. Muzee mwenye shati lililopigwa pasi hata siku ya kazi chafu. Aliendesha magari ya serikali miaka ishirini na mbili, mpaka serikali yenyewe ikakimbia.

"Leo. Kesho boti inapeleka mali yote ngambo."

Kila mtu chumbani alijua ni mali gani. Kinini. Sindano za kinini, katoni juu ya katoni. Wiki tano zilikuwa zimepita bila farmasi yoyote ya mji kuwa na hata moja. Modeste alinunua zote, akafunga kufuli, akangoja wanunuzi wa ngambo na makomanda wenye haraka. Mji mzima unatetemeka na homa, yeye anaongeza walinzi.

Micheline alikuwa amekaa chini, mgongo ukutani. Shule yake iliishia darasa la sita. Miezi minne sasa aliuza karanga na sigara mbele ya geti ya Modeste, na kwa miezi minne hakufanya kitu kingine ila kuangalia.

"Sema ile uliniambia," Floribert alimwambia.

"Courant ikikatika, wanafunga geti," Micheline alisema. "Hata mbuzi haitoke mpaka groupe, jenereta, iwake. Tonton Modeste njo alikataza. Machine ikikufa kabisa, vilevile, wanafunga. Lakini kuna mara ingine taa iko nawaka, machine iko pale, haikufe, haijibu. Philémon, karani wa bureau, anasemaka: 'Mungoje, iko nafikiri.' Wanangoja robo saa. Ma-chauffeur wanaanza kutukana. Halafu Philémon anatosha kitabu, carnet, anaandika na mukono bon ya kutosha mali, anapiga muhuri, cachet. Geti inafunguka. Niliona mara mbili."

"Na kwa carnet anauliza nini?"

"Commande ya nani, na katoni ngapi. Anaangalia sura. Kama ni muzee, haulize tena."

Wote walimgeukia Ignace. Ignace alinyoosha kola yake.

"Basi," Floribert alisema. "Tuko na muzee. Gracien, fanya machine ifikiri."

Gracien alicheka kidogo. Kijana wa miwani, vidole vyembamba. Ndiye aliyetengeneza ile mashine ya Modeste, ukurasa wa kuagizia mali, ili wateja wa mbali waandike commande kwenye cyber na Philémon aone orodha palepale Nguba. Modeste alimpa majuma mawili tu, kisha akamfukuza kwa sababu ya kuchelewa siku moja.

"Munajua mualiko wa ndoa?" aliuliza. "Ule wanapigisha kwa imprimerie. 'Familia ya nani na nani inamualika nani.' Maneno iko tayari, kuna matundu tu ya kujaza majina. Machine ya Modeste iko vile. Inachukua modèle, inajaza matundu: nom, postnom, prénom, namba ya gari. Inatosha bon."

"Tunaelewa," Floribert alisema. "Endelea."

"Sasa mimi, kwa tundu ya postnom, siandike jina. Naandika agizo kwa luga ya modèle yenyewe. Naiambia: hapa ndani, andika tena mualiko muzima. Itatii. Lakini ule mualiko wa pili nao uko na tundu ya postnom. Ndani ya tundu iko agizo ileile. Itaandika wa tatu. Wa ine. Wa elfu. Haitafika mwisho, na haitasema imechoka. Taa itawaka tu."

"Na wakiizima wakaiwasha?"

"Philémon atafungua liste ya commande. Yangu iko juu kabisa. Itaanza tena."

Ignace alitikisa kichwa. "Na wewe uliacha tundu wazi namna hiyo?"

"Nilimuambia Modeste anipe siku mbili niifunge. Akaniuliza: mutu gani mwenye akili ataandika kazi ndani ya jina lake?" Gracien alifuta miwani. Hakucheka tena.

Floribert akagawa kazi. Ignace na kamyoneti ya buluu. Floribert mwenyewe mbebaji, kichwa chini, sikio ndani ya kofia. Gracien cyber, halafu apotee. Micheline getini, kama kila siku. Katoni arobaini.

"Moja ni yangu," Micheline alisema.

"Tulishaongea."

"Nasema mbele ya wote. Moja. Nzima. Leo."

Hawakuuliza kwa nini. Walijua. Baba yake, Papa Déogratias, alikuwa na shamba la kinkina kule Kabare. Mti wa kinkina unataka miaka tisa kabla ya kukupa ganda. Alingoja miaka tisa. Askari wakaja na mapanga wakachuna miti yote siku mbili, mpaka mizizi, na maganda yakaondoka kwenye malori ya Modeste. Ganda hilo ndilo linalopikwa kuwa kinini. Sasa Papa Déogratias amelala kwenye dispensaire, zahanati ya Maman Euphrasie, Cimpunda, homa imepanda kichwani. Tangu Jumatano hamtambui binti yake. Maman Euphrasie, muuguzi, alisema bila kuzungusha: "Kinini leo jioni. Ikikuwa kesho, uite familia."

"Moja ni yako," Floribert alisema.

Micheline alimwangalia machoni. Floribert alitazama kamba ya mlango.

Saa nane na dakika ishirini

Cyber ya Nyawera. Mashine sita, nne zinafanya kazi. Gracien alikaa ya mwisho, Floribert nyuma yake.

Nom: aliandika jina la mtu asiyekuwapo. Prénom, vilevile. Kwenye postnom vidole vyake vilisimama, kisha vikaandika alama na maneno ambayo Floribert hakuyajua. Mstari mmoja. Mfupi kuliko jina la mtoto.

"Ni hii tu?"

"Ni hii tu."

Akabonyeza. Ukurasa ukasema merci.

Floribert alitoka kwenda kwenye kamyoneti. Gracien alibaki amekaa. Akangoja kofia ipotee kwenye kona. Halafu akamwomba mwenye cyber simu.

Saa tisa na nusu

Geti ya Nguba. Magari tisa kwenye foleni. Jua limesimama juu ya mabati. Micheline alikuwa kwenye jiwe lake, sinia magotini.

Dirisha la bureau lilikuwa wazi. Alimwona Philémon anafungua orodha ya mchana. Akamwona anabonyeza. Anabonyeza tena. Anainama, anatazama kioo cha mashine kama mtu anayetafuta nzi ndani ya maziwa.

"Philémon!" dereva mmoja aliita. "Tunalala hapa?"

"Mungoje! Iko nafikiri!"

"Inafikiri nini? Iko na bibi?"

Foleni ikacheka. Philémon akazima, akawasha. Akafungua orodha. Mashine ikaanza kufikiri upya.

Getini mlinzi Dany alikuwa na kioo chake kidogo, kimeunganishwa na kile cha bureau kwa waya. Dany alikipenda kioo kile. Kila asubuhi alikipangusa kwa shati. Sasa kilikuwa cheupe, bila neno.

"Maman Karanga," alimwambia Micheline, "nipe sigara moja. Hii kazi leo imenichokesha."

Micheline alimpa.

Saa kumi na dakika tano

Carnet ikatoka. Philémon aliipiga mezani kwa hasira, akaweka karatasi ya karbone, akavuta cachet kutoka mfukoni, imefungwa kwa kamba kwenye mkanda wake.

Kamyoneti ya buluu ilikuwa ya pili. Ignace aliteremka, shati jeupe, karatasi mkononi, mwendo wa mtu aliyewahi kuwapeleka magavana.

"Commande ya nani, papa?"

"Pharmacie ya Uvira."

"Katoni ngapi?"

"Arobaini."

Philémon alimtazama. Muzee. Kola. Alikuwa amechoka, nyuma kuna watu watatu wanapiga mlango. Akaandika. Akapiga cachet.

"Asante, mwanangu," Ignace alisema, akaitia bon mfukoni.

Saa kumi na dakika arobaini

Walipakia. Floribert alibeba kama mbebaji wa kweli, mbili mbili, anapumua kwa mdomo. Walinzi walihesabu mpaka arobaini. Ignace alisimama mlangoni mwa gari, na katoni ya mwisho ilipofika hakuiacha iende nyuma. Aliichukua mwenyewe, akaiweka mbele, chini ya kiti cha abiria, akaisukuma kwa mguu.

Micheline aliona. Akarudisha macho kwenye sinia yake.

Saa kumi na moja na dakika kumi

Jeep ya Modeste ikaja. Modeste akateremka, tumbo mbele, leso shingoni. Mlango wa pili ukafunguka.

Akatoka Gracien.

Shati safi. Miwani safi. Begi la vyombo begani. Alipita mbele ya sinia ya karanga bila kugeuza shingo.

Micheline hakusimama. Hakupiga kelele. Alielewa kwa mara moja. Gracien ndiye aliyeitia mashine ugonjwa, na sasa amekuja kuuza dawa yake. Ataifuta ile commande, mashine itaamka, Modeste atamkumbatia na kumrudishia kiti chake. Hataweza kusema majina yao, maana angesema na lake. Hana haja. Kioo kitasema kwa niaba yake. Kamyoneti ya buluu haiko kwenye orodha.

Kupitia dirishani sauti yake ilisikika: "Tonton, shida hii nilikuambiaka. Unipe dakika kumi."

Kamyoneti ilikuwa imekwisha kupakiwa. Mbele yake kulikuwa na lori moja tu.

Saa kumi na moja na dakika ishirini na mbili

Kioo cha Dany kikawaka. Mistari, majina, namba za gari. Dany aliruka.

"Imerudi! Philémon, imerudi!"

"Wenye bon ya carnet wangoje!" Philémon alijibu kutoka ndani. "Tunalinganisha kwanza na liste!"

Lori la mbele likalinganishwa, likatoka. Kamyoneti ya buluu ikasogea mpaka kwenye mti wa geti, ule unaoziba njia. Dany akanyoosha mkono kwa Ignace. "Lete bon, papa."

Micheline akasimama na sinia yake. Hakwenda getini. Alikwenda kwenye foleni, kwa dereva wa lori lililofuata, yule mwenye mdomo.

"Papa, umesikia? Wanasema carnet imekufa. Bon zote za mukono zimekufa. Mutaanza tena kwa dirisha, namba moja."

"Nani amesema?"

"Dany. Enda umuulize."

Akaenda kwa wa pili. Akaenda kwa wa tatu. Kwa wa tatu hakumaliza maneno, mtu alikuwa amekwisha kuruka chini.

Dany alishika bon ya Ignace, lakini hakupata kuisoma. "Dany, bon yangu iko nzuri ao haiko?" "Iko nzuri, ngoja." "Kama iko nzuri, ningoje nini?" "Liste." "Na kama siko kwa liste?" "Uende kwa Philémon." "Philémon anasema kwako!" Wa pili akaingiza kichwa. Wa tatu akasukuma wa pili. Kila jibu la Dany lilizaa maswali mawili. Aliyejibiwa alimweleza mwenzake vibaya, mwenzake akaja kuuliza upya. Madereva saba kwenye kidirisha kimoja, mikono saba, karatasi saba, na Dany katikati anasema, "Mungoje, mungoje, mungoje." Jasho lilimwingia machoni. Kioo chake kilikuwa kinawaka vizuri kabisa. Hakukuwa na mtu wa kukitazama.

Ignace aliachia gari taratibu. Pua ya kamyoneti ikasukuma mti wa geti, ikaziba barabara. Nje ikafika jeep ya askari, ikasimama, ikapiga honi. Ofisa akatoa kichwa.

"Wewe wa geti! Tosha hii takataka mbele yangu!"

"Ndiyo, chef! Ndiyo!"

Dany akavuta mti. Ili barabara ifunguke tu. Kamyoneti ikatoka, na Micheline, aliyekuwa ameacha sinia juu ya jiwe kwa mara ya kwanza katika miezi minne, akakimbia hatua sita na kushika mlango.

Dirishani Gracien alisimama. Macho yao yakakutana.

"Tonton," alisikika akisema, "ile kamyoneti ya buluu. Haiko kwa liste."

Saa kumi na moja na dakika arobaini na nane

Ndani ya kabini watu watatu. Ignace kwenye usukani, Floribert katikati, Micheline mlangoni, katoni kati ya miguu yake. Barabara inapanda kwenda Nyawera, mashimo, wachuuzi, pikipiki. Nyuma kabisa, honi ya jeep ya Modeste.

"Gracien!" Floribert alipiga dashibodi. "Ule mbwa! Nitamukata vidole!"

"Ukate kesho," Ignace alisema. "Leo uniambie njia."

"Geuza kwa rond-point. Tunashuka Beach. Boti iko nangoja."

"Beach?" Micheline alisema. "Mulisema Kadutu kwanza."

"Mipango inageuka."

"Katoni yangu haigeuke."

Floribert akatazama chini, akaiona. "Nani aliweka hii hapa?"

"Mimi," Ignace alisema.

"Wenye boti wanataka arobaini. Nilisema arobaini. Nikileta thelathini na tisa watanipiga risasi." Akamgeukia Micheline, sauti imeshuka. "Utapata kitu ingine, mama. Nguo. Simu. Kitu nzuri."

"Sikuomba kitu ingine."

"Baba yako ni muzee. Wazee wanaendaka."

Ignace alibadilisha gia kwa nguvu kuliko ilivyotakiwa.

"Rudia," Micheline alisema.

Floribert aliinama. Alitoa kisu kutoka kwenye soksi na kukiweka juu ya paja lake, wazi.

Saa kumi na mbili kamili

Firimbi.

Ilitoka kwenye bureau ya utawala, pale barabara inapopanda, penye mlingoti. Firimbi moja ndefu. Bendera inashuka.

Bukavu nzima inajua maana yake. Mwenye miguu anasimama. Mwenye gari anazima. Mwenye mzigo anabaki nao kichwani. Hakuna kusema, hakuna kukohoa, mpaka firimbi ya pili. Juma lililopita mtu aliyefunga kamba ya kiatu chake alichapwa fimbo ishirini mbele ya watoto wa shule.

Majambazi wa kweli hawasimami. Floribert alijua hivyo. Kila mtu chumbani kwa Maman Madeleine alijua hivyo.

Lakini mguu wa Ignace ulikuwa na miaka ishirini na mbili ya serikali. Firimbi ililia, na mguu ukakanyaga breki peke yake. Mkono ukazima gari. Mgongo ukanyooka. Mikono ikashuka pembeni.

"Songa!" Floribert alinong'ona. "Muzee, songa!"

Ignace hakusogea. Machozi ya aibu yalikuwa yamejaa machoni mwake, na hakusogea.

Kwenye kioo cha pembeni Micheline aliona jeep ya Modeste. Mita kumi. Nayo imesimama. Modeste ameteremka, mkono kifuani, leso shingoni, macho yamemtoka. Walinzi wake wawili wamekakamaa. Kando ya barabara, chini ya mlingoti, askari sita wameinua bunduki za heshima. Wachuuzi wamesimama. Mwanamke mmoja alikuwa na beignet, andazi lake, nusu mdomoni. Pikipiki zimezimwa. Mwizi na mwenye mali, wote kwenye barabara moja, hakuna anayeweza kumkamata mwenzake. Na bendera inashuka polepole, maana gurudumu la kamba lina kutu.

Nusu ya mlingoti.

Firimbi ya pili ikilia, kila kitu kitaanza. Walinzi watakimbia. Askari watageuka. Floribert ana kisu. Maman Euphrasie alisema leo jioni.

Micheline akafungua mlango.

Floribert akamshika kikwembe kiunoni. Akamtazama usoni, kisha akatazama askari sita. Anayesogea anaonekana. Vidole vyake vikafunguka.

Akateremka. Akavuta katoni. Akaipandisha kichwani, akaituliza kwa mkono mmoja, akaanza kutembea.

Hakukimbia. Angekimbia, wangepiga risasi bila kufikiri. Alitembea kama mtu anayerudi nyumbani. Kandambili zake zilipiga lami, pa, pa, na katika mji mzima hiyo ndiyo sauti iliyokuwapo. Alipita mbele ya jeep. Modeste alimwona. Alisoma jina la depo yake juu ya katoni, mita mbili kutoka puani mwake. Mdomo ulifunguka. Haukutoa kitu. Alipita mbele ya walinzi. Askari wa mwisho kwenye mstari alimfuata kwa macho tu, jasho likimtiririka, kidole juu ya bunduki anayotakiwa kuiinua wima.

Micheline alimtazama. Hakushusha macho.

Miti ile ya kinkina ilikuwa ya baba yake. Alitembea kama mwenye mali.

Robo ya mlingoti. Kona ya ukuta. Njia ya miguu inayoteremka kwenda mto Kawa. Alipoweka mguu kwenye udongo, firimbi ya pili ikalia, na nyuma yake dunia ikaanguka yote pamoja: honi, makelele, milango, risasi moja, mbili. Sauti ya Floribert ikitukana, kisha ikilia. Hakugeuka. Alivuka Kawa kwa mawe, akapanda Kadutu mpaka Cimpunda kwa vichochoro ambavyo gari haliingii.

Saa moja na robo usiku

Maman Euphrasie hakuuliza imetoka wapi. Alikata karatasi ya gundi kwa meno, akainua ampoule moja, kichupa cha dawa, kwenye taa, akasoma tarehe.

"Ni nzuri," alisema. "Shika mukono wake."

Vitanda kumi na vinne vilikuwa vimejaa. Papa Déogratias alipata wa kwanza. Kabla ya saa mbili vitanda vyote vilikuwa na chupa juu.

Jumamosi, saa mbili asubuhi

Alfajiri Papa Déogratias alifungua macho na kuomba maji. Akamwita binti yake kwa jina. Halafu akalala usingizi wa kweli, wenye jasho. Maman Euphrasie alisema bado: kila baada ya saa nane, siku tatu, na mtu awe karibu kumshika asijitoe sindano. "Usitoke hapa," alimwambia Micheline. "Usiku tatu."

Habari zilikuwa zimekwisha kupanda kutoka mjini. Floribert amepigwa risasi mguuni, yuko chini ya ulinzi hospitalini. Katoni thelathini na tisa zimerudi Nguba. Gracien amekaa kwenye kiti chake cha zamani. Na askari wanamtafuta mwanamke aliyetembea wakati wa bendera. Wanasema mrefu, wanasema mfupi. Wanakubaliana juu ya kikwembe tu, na kikwembe hicho Maman Euphrasie amekwisha kukitia motoni.

Mlangoni akasimama Sophie, mke wa Ignace. Micheline alikuwa amemwona mara moja tu. Alikuwa na sufuria imefungwa kwa kitambaa, fufu, ugali wa moto wa kumpelekea mumewe.

"Yuko cachot," Sophie alisema. "Wamemupiga usiku muzima. Wanataka jina yako. Hajasema. Anasema tu: 'Mimi ni chauffeur, waliniita kubeba muzigo.'"

Micheline alisimama.

"Leo saa tano wanamupeleka kwa komanda. Wakipata mutu mumoja wa kusema ule muzee hakujua kitu, watamuacha. Wewe ulikuwaka geti miezi ine. Wanakujua kama muuza karanga. Ungesema uliona wakimuita njiani."

"Askari sita waliniona," Micheline alisema. "Karibu vile uko karibu."

"Najua."

Kitandani Papa Déogratias aliguna, mkono wake ukaanza kutafuta sindano. Micheline aliushika. Maman Euphrasie aligeuza uso ukutani na kuanza kupanga ampoule ambazo zilikuwa zimekwisha kupangwa.

Sophie aliweka sufuria chini. Hakulia. Alisema polepole, kama mtu anayeomba njia.

"Aliweka ile katoni mbele na mukono wake mwenyewe. Alinielezea jana saa sita, mbele ya kutoka na kamyoneti, kama atafanya vile. Twende pamoja, Micheline. Fufu inapoa. Utakuja?"